Kaburi Lililomtangulia

Nilisomea kemia. Nalisema mapema kwa sababu kila mtu huniuliza mwishowe, na nikishamjibu hunitazama kama mtu aliyeingia harusi isiyo yake. Nilimaliza chuo kikuu, nikaajiriwa katika kiwanda cha rangi kule Industrial Area, na kwa miaka mingi kazi yangu ikawa kuhakikisha kwamba rangi ya krimu iliyotoka leo inafanana na krimu iliyotoka mwezi uliopita. Ikizidi weupe, unaongeza tone la manjano. Ikizidi manjano, unaanza upya. Nilikuwa hodari wa hayo mambo, na yalikuwa yananichosha hadi kwenye mifupa. Kiwanda kilipohamisha maabara yake nje ya jiji na kutuaga, wenzangu walilia. Mimi nilishuka soko la Burma, nikaagiza nyama choma na ugali, nikala peke yangu mpaka nikashindwa kuinuka.

Kazi iliyofuata niliisikia kwa jirani yetu Jericho, mtaa niliozaliwa. Kulikuwa na kituo kidogo kilichowahudumia wazee wanaoishi peke yao katika mitaa ya Eastlands: kuwatembelea, kuwapeleka kliniki, kuwatafutia jamaa zao ikiwa wanao. Walitaka mtu mwenye digrii. Hawakusema ya nini, nami nikaona hilo ni kosa lao. Siku ya mahojiano, bwana mmoja aliyekuwa amevaa tai nyembamba aliniuliza kemia itanisaidia nini kwa wazee. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikamwambia itanisaidia kusoma maandishi madogo yaliyo kwenye chupa za dawa zao, kazi ambayo naona watoto wao hawaifanyi.  Kisha mama aliyekuwa ameketi katikati, ambaye baadaye angekuwa mkubwa wangu, akacheka hadi akavua miwani.

Walinichukua kwa sharti kwamba nisomee stashahada ya ustawi wa jamii jioni, baada ya kazi. Mamangu hakufurahi. Wanawake wenzake wa kanisani aliendelea kuwaambia kwamba bado niko kiwanda cha rangi.

"Sasa nitawaambia nini?" aliniuliza. "Kwamba nilisomesha mtoto kemikali ndio aende kuogesha wazee wa wenyewe?"

"Waambie ukweli."

"Ukweli ndio huo, na hausemeki."

Katika wazee wa kwanza niliopewa kulikuwa na mmoja wa Kaloleni. Ndiye ninayetaka kumsimulia, kwa sababu wengine wote nimewahudumia kwa mikono iliyojifunzia kwake.

Alikuwa akiishi katika chumba cha mabati kilichojengwa nyuma ya nyumba ya zamani ya kanjo, yaani baraza la jiji, mlango wake ukitazamana na ukuta. Alikuwa mrefu kupita kitanda chake. Ilibidi alale amekunja magoti, na hata akiwa ameketi ulimwona kama mtu anayeomba radhi kwa urefu wake. Ujanani alikuwa fundi wa mabehewa ya reli. Alipopunguzwa kazini, alienda Gikomba akawa anatengeneza mikokoteni, hadi sukari ikamharibu macho na miguu. Sasa figo zake nazo zilikuwa zimeanza kugoma. Daktari aliniita pembeni akaniambia kwamba akila vizuri na kufuata dawa, tutakuwa naye kwa muda. Hakusema muda gani, nami sikumuuliza.

Kitu alichokitaka mzee kilikuwa kimoja tu, na alinieleza siku ile ya kwanza kabla hata sijakaa.

"Binti yangu, nataka kwenda nyumbani. Nataka kuingia kwangu nikiwa natembea."

Nyumbani kulikuwa magharibi, mbele ya Kisumu. Aliacha huko mke na mtoto wa kiume; mara ya mwisho kumwona, mtoto alikuwa bado anaanza kutembea. Mwanzoni alikuwa akienda kila likizo. Kazi ilipoisha akaona haya kurudi mikono mitupu, akajiambia ataenda Krismasi ijayo akishajipanga. Krismasi ijayo ikawa hivyo hivyo. Ninawajua wanaume wa namna hii, Eastlands imejaa wao. Aibu kidogo huanza kama mkwaruzo, nao wanaulea mpaka unakuwa kidonda ambacho hata wao hawathubutu kukiangalia. Baadaye zilipokuja zile vurugu za uchaguzi, ploti ya vyumba vya kupanga aliyokuwa akiishi iliteketea. Watu wa kwao waliokuwa majirani zake walikimbilia kila upande. Yeye akahamia Kaloleni, mahali ambapo hakuna aliyemjua, akaendelea na mikokoteni yake. Hakupeleka habari. Alipopata simu, namba za nyumbani hakuwa nazo tena, na kusema kweli hakuzitafuta.

"Na leo umetaka kwenda kwa nini?" nilimuuliza. Sikumuuliza kwa upole.

"Kwa sababu Lang'ata sitaki," akasema. Alimaanisha makaburi ya umma. "Huko unalala na watu usiowajua."

Nilianza kutafuta. Kazi hii niliipenda, ilikuwa na mwanzo na mwisho. Alinipa jina la kijiji na la babake, mkubwa wangu akanipatia njia ya kumfikia naibu wa chifu wa huko. Nilipompigia naibu wa chifu na kumtajia jina la mzee, alinitaka nilirudie, kisha nilirudie tena.

"Madam," akasema hatimaye, "unasema huyo mtu anapumua?"

"Anapumua. Jana amenigombeza kwa ajili ya chai isiyo na sukari."

"Basi ongea na kijana wake kwanza. Usiongee na mtu mwingine. Kijana wake yuko huko huko kwenu, Nairobi."

Akanipa namba. Kijana alikuwa akiishi Pipeline.

Nilikaa na ile simu mkononi nikashindwa kuamini. Pipeline! Kutoka Kaloleni mtu mwenye miguu mizima anaweza kwenda kwa miguu na kurudi, na jua bado halijatua. Baba na mwana walikuwa wamekula vumbi la upande mmoja wa jiji, labda wamenunua shati kwenye rundo moja la mitumba, na kila mmoja hakujua. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilitembea kwenda Pipeline kama mtu anayepeleka zawadi.

Alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi, mwenye umri unaokaribia wangu. Nyumba yake ilikuwa juu kabisa, huko ambako maji hayapandi, na korido yake ilikuwa na giza mchana kiasi kwamba taa zilikuwa zimewashwa. Alinifungulia mlango na sikuhitaji kuuliza kama nimefika. Ilibidi ainamishe kichwa kupita chini ya kamba ya nguo.

Nilimwambia. Nilikuwa nimejifunza darasani jinsi ya kutoa habari nzito, polepole, kwa maneno yasiyo na kona, na nilifanya hivyo. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Baba yangu alikufa," akasema. "Tulimzika."

"Mlimzika nani?"

Alinieleza huku akitazama mikono yake. Baada ya ile ploti kuungua, watu walirudi kijijini wakasema nyumba ya fulani imekuwa majivu na mwenyewe hajaonekana. Yeye alikuwa mwanafunzi wa sekondari. Mjomba wake alimleta Nairobi wakazunguka mochari moja baada ya nyingine, akifunuliwa watu na kuulizwa, ni huyu? Hakuweza hata kujibu vizuri kwa sababu sura ya babake alikuwa anaijua kwenye picha tu. Hawakumpata. Walingoja miaka. Nyumbani mambo yakaanza kwenda upande: nyanya yake akafa akimwita mwanawe, binamu yake akazaa watoto wasiokaa. Watu wakasema huyu mtu anazunguka, hajalazwa. Ikabidi alazwe.

"Kwetu mtu akipotea hivyo, mnakata mgomba," akasema. "Unakuwa ndio mwili wake. Mnaupima urefu wake. Sasa hakuna aliyekumbuka vizuri urefu wake, lakini walisema nimemchukua yeye. Wakanilaza chini. Wakapima mgomba kwangu."

Nikajikuta nikimtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Wakauvalisha koti lake alilokuwa ameacha, tukaweka kwa sanduku. Mama akanyolewa nywele. Alilia mpaka sauti ikaenda. Mpaka leo haijarudi sawasawa. Nilibeba sanduku upande wa kichwa. Sasa wewe unakuja kuniambia yuko Kaloleni."

"Yuko Kaloleni."

"Mimi hupita Kaloleni," akasema, na hapo ndipo uso wake ulipovunjika.

 Kisha nikamweleza anachotaka baba yake: kwenda nyumbani, kuingia kwake akitembea, kabla figo hazijakataa kabisa. Akatikisa kichwa tangu sijafika mwisho wa sentensi. Mtu aliyezikwa harudi kupitia lango akiwa hai. Kaburi limefungwa likiwa na jina lake ndani, na akionekana akitembea, litaona limedanganywa, litadai mtu wa kweli. Litadai mtu wa mle mle bomani.

"Na wewe unaamini hayo? Mwalimu wa hesabu?"

"Mimi siamini," akasema. "Lakini aliye bomani ni mama, si mimi. Nitajaribu na maisha ya mama ndio nione kama ni uongo?"

Hasira zikanipanda. "Ni mgomba! Umeoza zamani, umekuwa mbolea!"

"Najua ni mgomba," akasema taratibu. "Mimi ndiye niliubeba."

 Akachukua simu akampigia mamake, akaiweka kwenye meza kati yetu ili nisikie. Alimweleza kwa lugha yao, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mgonjwa.  Kisha kutoka upande wa pili ikaja sauti kavu, iliyokwaruza, ikauliza kitu kifupi. Mwana akafunika macho kwa kiganja.

"Amesema nini?"

"Anauliza kama anakula vizuri."

Mama aliomba muda wa kuongea na watu wa nyumbani. Nilimwambia mkubwa wangu kila kitu. Yeye amefanya kazi hii tangu mimi nikiwa shule ya msingi, na nilitegemea angekuwa na dawa yake. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kitenge. "Hapo sisi hatuna mlango," akasema. "Ngoja wakujibu. Usimwambie mzee chochote kabla hawajakujibu."

Kwa hiyo nikawa naenda Kaloleni na kudanganya kwa kunyamaza. Mzee alikuwa ameanza kujiandaa. Alinituma nimtafutie viatu ambavyo haviwezi kumbana miguu iliyovimba. Aliniuliza kama ile barabara ya kushuka kwa mto bado ni ya udongo, kana kwamba mimi ningejua. Alimeza dawa zake zote bila kusukumwa, akanywa chai bila sukari bila kunung'unika, kwa sababu alitaka nguvu za kusafiri. Afya yake ikawa nzuri kuliko wakati wowote tangu nimjue. Nilikuwa naandika hayo kwenye ripoti zangu na mkono ukiniuma.

Jibu lilikuja. Akiwa hai, hapana. Walikuwa wameongea, wengine wakiwa na huruma na wengine wakiwa na hofu, na hofu ikawashinda. Lakini siku akifa kweli, wataleta gari wamchukue. Watafungua lile kaburi, watoe kilichobaki cha mgomba, wamlaze yeye mahali pake. Hatapita langoni, watafungua ua kwa nyuma. Na hakutakuwa na kilio, maana mtu haliliwi mara mbili. Mama hakutaka kuongea naye kwa simu. Hakukataa kwa ukali. Alisema tu kwamba hawezi.

Mkubwa wangu aliniambia nimweleze mzee ukweli wote, nikiwa nimeketi, bila kuharakisha. Nilienda asubuhi. Jirani yake, mama wa mandazi, alikuwa bado anakaanga nje, na mafuta yakisikika kupitia mabati. Nilimweleza mzee kila kitu: nyumba iliyoungua, mochari, mgomba, koti, nywele za mkewe, na mwishowe lile jibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi pia, nayo ningeyapokea.

Mzee alijisogeza akaketi wima kitandani. Kisha akauliza, "Walichinja?"

"Kuchinja nini?"

"Ng'ombe."

Nilikuwa nimeambiwa hayo. "Walichinja."

"Watu walikuja?"

"Kijana wako anasema walijaa mpaka nje ya ua."

"Koti walilotumia ni lipi?"

"La kijivu."

Akatabasamu. Mungu wangu, alitabasamu. "Koti zuri lile. Nililinunua kwa mshahara wa kwanza." Akafikiri tena. "Kwa hiyo kaburi liko."

"Liko."

"Upande gani wa nyumba?"

"Wa kulia, ukiwa unatoka mlangoni."

"Ndipo mahali pa mwenye nyumba," akasema, na akajilaza kwa utulivu ambao sikuwahi kuuona kwake, magoti yamekunjwa, kama mtu ambaye hatimaye amepata tiketi. Mimi nilitoka nje nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na jiko la mandazi. Mama wa mandazi aliniangalia, akanipa andazi moja la moto bila kuuliza kitu. Sikuelewa kwa nini nimechukia hivi wakati mwenyewe ameridhika. Baadaye nilielewa. Nilikuwa nimempelekea habari kwamba kwao hawamtaki akiwa mzima, na alikuwa ameshukuru.

Haikupita wiki kabla mama wa mandazi hajanipigia simu.

"Sister, niaje. Huyu mbuyu wako, huyu mzee, amegoma kukula. Uji nimemletea, amenirudishia. Na zile dawa naona anaficha chini ya godoro."

Nilifika nikiwa nimewaka. Nikainua godoro, nikavikuta vidonge. Nikamwuliza hii ni nini. Hakujitetea. Alinitazama kwa yale macho yaliyofunikwa na ukungu, akasema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto jambo la wazi:

"Nikila nitachelewa."

Nilimgombeza, nilimbembeleza, nilimtishia hospitali. Akanipa kisogo. Nilirudi ofisini nikamwambia mkubwa wangu kwamba sijui tena kazi yangu ni nini. Darasani wametufundisha kwamba matakwa ya mtu tunayemhudumia huja kwanza. Wametufundisha pia kwamba uhai wake huja kwanza. Huyu anataka kwenda nyumbani, na njia iliyoachwa wazi ni moja. Kila kijiko cha uji nitakachomlazimisha kumeza kitakuwa kinamweka mbali na kwake, na kila siku nitakayomwachia afanye anavyotaka, nitakuwa nimekaa nikimtazama akijiua. Niliyasema haya kwa sauti ya juu, mlango ukiwa wazi, na wenzangu wenye digrii zinazofaa wakainamia kompyuta zao. Nadhani kama kungekuwa na jibu, mmoja wao angenipa.

"Jikaze kisabuni," mkubwa wangu akasema, lakini macho yake yalikuwa mekundu. "Nenda kwa kijana."

Nilipanda tena zile ngazi za Pipeline. Kijana hakuwa amekwenda kumwona babake hata mara moja. Kila nilipompigia alisema ana mitihani ya kusahihisha. Safari hii sikutumia maneno ya darasani.

"Baba yako anafanya haraka afe," nikamwambia, "kwa sababu ninyi mmempa miadi."

Alinitazama kana kwamba nimempiga kofi. Sikuomba msamaha.

Jumapili hiyo, baada ya kanisa, alikuja. Nilikuwa nimefika mapema nimembadilisha mzee shuka na kumwogesha. Kijana aliinama akaingia, akasimama katikati ya kile chumba kidogo, kichwa kikigusa mabati, akiwa na chombo cha supu ya mifupa aliyopitia kununua Burma.

"Habari yako, mzee."

Mzee akainua uso. Aliona umbo tu, nadhani, lakini aliona lilivyokuwa refu.

"Wewe ni wa nani?" akauliza. Ndivyo wazee wa kwao wanavyomwuliza kijana wasiyemjua.

Kijana aliweka supu chini. "Mimi ni wako," akasema.

Nilitaka kutoka, lakini mlango ulikuwa nyuma yake na hakukuwa na nafasi ya kupita. Kwa hiyo niliona. Mzee hakunyoosha mikono wala hakulia. Alisogeza miguu yake mibaya kwa shida, akaacha nafasi ukingoni mwa kitanda, na mwanawe akaketi. Walikaa bega kwa bega wakitazama ule ukuta ulio nje ya mlango. Baada ya muda mwana akamimina supu kwenye kikombe, akampa.

"Kunywa."

"Nikinywa nitachelewa."

"Chelewa," mwana akasema. "Mimi ndio nimefika sasa hivi."

Mzee akashika kikombe. Akanywa.

Tangu siku hiyo alikuwa akila. Alikula kwa ajili ya Jumapili. Siku za katikati alikuwa akimeza dawa kwa shingo upande, Jumamosi akimwuliza mama wa mandazi kama kesho ndiyo Jumapili. Mwana alikuwa anakuja na supu, na mara nyingine na madaftari ya wanafunzi. Sikuwahi kumsikia akimwita baba. Aliendelea kumwita mzee, na mzee hakulalamika. Waliongea kuhusu mambo madogo, mabehewa, jinsi ya kusawazisha gurudumu la mkokoteni. Kuhusu mgomba hawakuongea mbele yangu. Mara moja nilimsikia mzee akimwuliza mwanawe kama mwili wake ulikuwa mzito siku ile, na mwana akasema ndiyo, ulikuwa na maji mengi.

Mvua za masika zilipokuja, figo zikakataa. Tulimpeleka hospitali na akafa huko asubuhi moja ya kawaida, mwanawe akiwa amemshika kifundo cha mguu, kwa sababu upande wa kichwa kulikuwa na mashine.

Watu wa nyumbani walikuja kumchukua kama walivyoahidi. Tulikutana nje ya mochari, mimi na mkubwa wangu na mama wa mandazi upande mmoja, wao upande wa pili. Wote walikuwa na nyuso kavu. Mama alikuwa mfupi kuliko nilivyomfikiria, amejifunga leso moja kichwani na nyingine mabegani, na nywele zake zilizochungulia, zile zilizokuwa zimenyolewa kwa ajili ya mgomba, zilikuwa zimeota zikawa nyeupe. Walifungua sanduku aone. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Mume aliyemwacha alikuwa kijana, mume aliyemzika alikuwa kijana, na sasa ameletewa mzee. Aliingiza mkono akanyoosha kola ya shati, akaurudisha mkono wake ndani ya leso.

Hakuna aliyelia. Waliimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, chini kwa chini, wakaanza kufunga sanduku. Mwana alikuwa amesimama wima upande wa kichwa, taya zimebana. Hapo ndipo nilipojisikia nikianza. Nilijaribu kuzuia nikashindwa, kilio kikanitoka kwa sauti mbele ya watu wote, kwikwi kama za mtoto.

Mwanamume mmoja wa kwao akanisogelea, bila ubaya. "Madam, tunaomba. Huyu haliliwi. Alishaliliwa."

Nikajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mama akageuka. Aliongea kwa Kiswahili ili nami nielewe, kwa ile sauti iliyochakaa, na ilibidi watu wote wanyamaze kabisa ndipo asikike.

"Mwacheni alie," akasema. "Sisi tulilia ule mgomba. Huyu mwenyewe hakuna mtu amemlilia."

Mwanawe akageuza uso kwenye ubavu wa gari, mabega yakaanza kumtikisika, na hakuna aliyemkataza. Mama akaja akanishika mkono. Alisimama nami hapo, yeye mwenyewe macho makavu, hadi nilipomaliza, kisha wakapanda gari wakaenda na mzee.